Guide ya Dikoda Inakuchanganya? Cheki Vile Utajua Shida Iko Wapi Kabla Ulipe Fundi

Unajua hii stori. Umelipia kifurushi ju ya mechi moja tu. Umefinya kitufe cha guide, kikakuambia mpira ni saa kumi na mbili jioni. Unatoka Magongo mbio mbio, unafika kwa nyumba, unawasha TV na kupata mapumziko yanaisha. Watu washafungana mbili. Ama siku ingine unafinya guide na kila chaneli imeandika "No Information", kana kwamba dunia nzima imelala.

Hapo wengi wetu tunafanya kitu moja: tunaita fundi. Fundi anakuja, anazungusha antena, anacheza na rimoti dakika tano, anabeba soo tano zake anaenda. Kesho yake guide iko vilevile. Si lazima fundi awe mwizi. Mara nyingi shida haikuwa kwa nyumba yako hata kidogo.

Guide ni vitu viwili tu vimeshikana: orodha ambayo mtu fulani aliandika mahali, na saa. Ikikosea, kuna sehemu nne tu za kulaumu: saa ya dikoda, signal inayofika kwako, memori ya dikoda, ama aliyeandika hiyo orodha. Ukijua ni gani, utajua kama unafaa kulipa mtu, kupiga simu kwa kampuni, ama kukaa tu kitako ungoje. Twende nayo moja moja.

KWANZA, HIYO GUIDE HUTOKA WAPI?

Zamani ratiba ya TV ulikuwa unaisoma kwa gazeti. Enzi za analogi, antena ilileta picha na sauti, basi. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, chini ya Rais Mwai Kibaki, na baadaye ikachagua mfumo unaoitwa DVB-T2. Mpaka mapema 2015 analogi ilikuwa inazimwa, kabla ya siku ya mwisho ya kimataifa, Juni 17, 2015. Wengi mnakumbuka Februari mwaka huo vile Citizen, NTV na KTN zilipotea hewani karibu wiki tatu kwa sababu ya vita vya dikoda.

Sasa, dijitali haileti picha na sauti peke yake. Ndani ya signal hiyohiyo kuna maandishi yanapita chinichini: jina la chaneli, namba yake, kipindi kinachocheza saa hii, kinachofuata, na ratiba ya siku zinazokuja. Dikoda yako inaokota hayo maandishi kidogo kidogo, inayapanga, halafu ukifinya guide inakuonyesha. Hiyo ndiyo guide. Si gaidi, msiogope.

Kuna aina mbili za hayo maandishi, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Kuna ya "sasa na kinachofuata", ambayo ni mafupi na hurudiwa kila baada ya sekunde chache. Halafu kuna ratiba ndefu ya wiki nzima, ambayo ni nzito na huja polepole. Kituo kinaweza kutuma hiyo fupi peke yake na kuachana na ndefu. Kwa hivyo ukiona chaneli inakupa kipindi cha sasa lakini kesho ni tupu, dikoda yako iko poa. Hawajatuma tu.

Na hii kitu ni ileile kwa kila mtu, ila njia ya kufika kwako ndiyo tofauti. GOtv na dikoda za bure za antena hupata signal kutoka kwa mitambo ya ardhini. DStv na Azam hutoka juu kwa setilaiti. StarTimes iko kote kuwili, ya antena na ya dishi. Zuku iko na ya dishi na pia ya waya inayoingia kwa nyumba pamoja na intaneti. Kila njia ina magonjwa yake.

TATIZO LA KWANZA: SAA

Hili ndilo la kuangalia kabla ya yote, na halina gharama.

Vituo vya dijitali havitumi saa ya Mombasa. Vinatuma saa ya dunia, ile ya UTC. Mechi ya saa kumi na moja jioni yetu inatumwa kama 14:00. Halafu dikoda inaambiwa "ongeza masaa matatu", ju Kenya iko mbele kwa masaa matatu. Dikoda ikikosa hiyo taarifa, ama mtu akiwa amecheza na setingi, kila kitu kwa guide kinasogea.

Jinsi ya kujua: fungua guide, angalia saa iliyo kwa kona ya skrini, linganisha na ya simu yako.

- Imebaki nyuma masaa matatu? Dikoda inasoma saa ya dunia bila kuongeza kitu.
- Imebaki nyuma saa moja? Imesetiwa saa ya Afrika Kusini na Afrika ya Kati, ambayo ni mbili badala ya tatu.
- Imeenda mbele saa moja? Mtu amewasha ile setingi ya "Summer Time". Sisi huku hatuna hiyo kitu. Izime.

Ingia kwa menyu, tafuta sehemu ya saa, weka GMT +3:00. Dikoda nyingi za bure zinakuruhusu. Za kulipia nyingi hujiseti zenyewe, kwa hivyo zizime kwa swichi ya ukutani, ngoja dakika moja, washa tena.

Na kama huwezi kurekebisha, usijali sana. Saa ya dikoda na guide hutumia hesabu moja, kwa hivyo hukosea pamoja, kwa kiasi kilekile. Saa ya kona ikiwa nyuma kwa masaa matatu, ongeza matatu kwa kila kipindi unachosoma. Utapata mechi yako.

Kumbuka pia: makosa ya saa hugusa chaneli ZOTE. Kama ni chaneli moja pekee iliyosogea na zingine ziko sawa, saa haina hatia. Hapo lawama ni ya kituo.

SAA YA GUIDE, SAA YA KISWAHILI NA USIKU WA NANI?

Guide inaandika 20:00. Mama yako anasema saa mbili. Wote wako sahihi.

Kama kwenu kuna mzee ama mtoto anayesumbuka na hizo namba, mpe hii hesabu rahisi. Kuanzia 07:00 mpaka 18:00, toa sita. Basi 13:00 ni saa saba mchana, na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Kuanzia 19:00 mpaka 23:59, toa kumi na nane. Basi 19:00 ni saa moja, ile taarifa ya habari ya Kiswahili, na 21:00 ni saa tatu, ile ya Kizungu. Kuanzia 00:00 mpaka 06:59, ongeza sita. 00:30 ni saa sita na nusu usiku.

Lakini kosa kubwa zaidi liko kwa tarehe. Guide hubadilisha siku saa sita usiku kamili. Kwa hivyo mechi iliyoandikwa "Jumapili 00:30" ni ile ambayo wewe na wasee wako mnaita Jumamosi usiku. Ukiingoja Jumapili usiku, ishapita kitambo.

Halafu ongeza vile sisi Wapwani tunavyohesabu. Kwa wazee wetu siku mpya inaanza jua likizama, si saa sita. "Usiku wa Ijumaa" kwa mzee wa Mtongwe ni ule usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jioni ya guide. Kijana wa Bamburi akisema "Ijumaa usiku" anamaanisha baadaye kabisa. Watu watatu, mechi moja, siku mbili tofauti. Ukiwa na kibanda cha mpira na unaandika ubao wa mechi pale nje, andika siku, tarehe na saa ya Kiswahili. Usiandike "usiku wa" kitu. Umeokoa ugomvi.

Hii inauma zaidi mashindano yakiwa mbali. Mechi ya saa tatu usiku New York wakati wao wa joto, kwetu ni saa kumi alfajiri ya siku inayofuata. Guide itaiandika 04:00, na tarehe ya kesho.

ULAYA IKIGEUZA SAA

Kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Machi, Uingereza na Ulaya wanasogeza saa mbele. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanairudisha. Sisi hatusogei popote. Matokeo yake ni haya:

- Ile mechi ya kawaida ya Jumamosi Uingereza, saa tisa alasiri yao, kwetu ni saa kumi na mbili jioni (18:00) wakati wa baridi yao, na saa kumi na moja (17:00) wakati wa joto.
- Champions League ile ya usiku kwa saa ya Ulaya 21:00, kwetu ni saa tano usiku (23:00) baridi, na saa nne (22:00) joto.

Kwa hivyo wiki ya kwanza ya Aprili ukienda na mazoea ya Februari, utakosa kipindi kizima cha kwanza. Hapo guide ikiwa imesasishwa ndiyo mkweli, wewe ndiye uko nyuma. Lakini ratiba ya wiki ile ya kugeuza saa huwa inaandikwa mapema, na ndiyo wiki ambayo makosa ni rahisi kuingia. Hakikisha na ukurasa wa klabu ama wa ligi yenyewe.

Na kuna lingine. Chaneli nyingi za DStv zinatoka Afrika Kusini. Tangazo lao likisema "20:00 CAT", hiyo ni saa ya kwao. Kwetu ni 21:00, saa tatu usiku. Guide ya dikoda yako inafaa kuonyesha 21:00. Tangazo na guide zikipishana kwa saa moja, fuata guide.

TATIZO LA PILI: GUIDE TUPU

"No Information" kila mahali. Kabla ujaribu chochote, jiulize: stima ilipotea?

Dikoda nyingi huweka guide kwa memori ya muda. Stima ikienda, inafutika yote. Ikirudi, dikoda inaanza kuokota upya, na nishasema ile ratiba ndefu huja polepole. Kwa hivyo usiku kama ule wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipoingia giza, kila mtu aliyewasha dikoda baadaye alianza na guide tupu ama nusu. Dawa ni kukaa. Iache kwa chaneli moja dakika kumi hadi kumi na tano, usibadilishe badilishe. Ukirukaruka chaneli, kwa dikoda zingine unaikatiza kila mara inapoanza kusoma.

Na kama una tabia ya kuzima dikoda ukutani kila usiku kuokoa tokeni, hiyo ni sawa kabisa, ila jua kila asubuhi itaanza na daftari jeupe.

Umengoja na bado? Angalia kama ni chaneli zote ama chache. Zikiwa chache, na picha yake iko safi, hizo ni stesheni ambazo hazitumi ratiba. Hakuna fundi wa Likoni wala wa Kisauni anayeweza kukuletea kitu ambacho kituo hakijatuma. Usilipe.

TATIZO LA TATU: SIGNAL, CHUMVI NA MVUA

Hapa sasa Mombasa ina mambo yake.

Ukikaa karibu na bahari, Shelly Beach, Mtongwe, Bamburi, hewa yenyewe ina chumvi. Ile pini ya waya nyuma ya antena ama kwa kichwa cha dishi inaota kutu taratibu. Picha bado inakuja, kwa sababu picha ya dijitali huvumilia hadi inapofika mwisho, ndipo inaganda vipande vipande. Lakini maandishi ya guide hayavumiliwi. Kipande kikifika na kosa, dikoda inakitupa na kungoja kingine. Ndiyo maana unaweza kuwa na picha inayoonekana sawa lakini guide ina mashimo: Jumatatu ipo, Jumanne hakuna, Jumatano nusu.

Ingia kwa menyu ya signal. Utaona mistari miwili, ya nguvu na ya ubora. Watu wengi huangalia nguvu. Angalia ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora uko chini, unapata signal nyingi iliyochafuka: antena imeelekea vibaya, pini ina kutu, ama waya umepasuka mahali maji yanaingia.

Hii ndiyo kazi ya fundi kweli. Na hata hapo, mwambie abadilishe pini za waya kwanza kabla akuuzie antena mpya. Pini ni bei ya mandazi ukilinganisha. Baada ya kufunga, azungushie tepu ama mpira wa kuzuia maji. Bila hiyo, msimu wa kusi ukipiga na mvua ya Mei ikishuka, mtarudi palepale.

Kwa wenye dishi, mvua kubwa yenyewe inakata signal angani. Mawingu mazito yanaimeza. Ukiona E48 kwa DStv wakati wa mvua, hiyo ni signal. Ngoja mvua ipite, halafu ungoje tena guide ijae. Usipande juu ya mabati na radi zinapiga, ratiba haina thamani ya maisha yako.

TATIZO LA NNE: MAJINA YAMECHANGANYIKA

Unafungua chaneli ya katuni, guide inasema ni taarifa ya habari. Unafungua ya habari, inasema ni filamu ya Kihindi.

Ndani ya signal kila chaneli ina namba yake ya siri, tofauti na ile unayofinya kwa rimoti. Guide hufungwa kwa hiyo namba ya siri. Wenye mitambo wakipanga upya chaneli na dikoda yako bado inatumia orodha ya zamani, ratiba inaangukia mlango wa jirani. Dawa: futa chaneli zote, tafuta upya. Kwa dikoda za antena ni sehemu ya "Auto Search". Inachukua dakika chache.

Onyo: kabla ufute, hakikisha ubora wa signal uko juu. Ukisachi mvua inanyesha utapoteza hata ulizokuwa nazo. Na ile "Factory Reset" iache iwe ya mwisho kabisa, ju inafuta pia namba ya siri ya watoto na chaneli ulizopenda.

TATIZO LA TANO: KITUO CHENYEWE

Saa iko sawa, signal iko safi, umesachi upya. Guide inasema ni tamthilia, kwa skrini ni mkutano wa siasa.

Hii haina dawa kwa rimoti. Ratiba huandikwa siku kadhaa mbele. Rais akihutubia, mazishi ya mtu mkubwa yakionyeshwa moja kwa moja, mechi ikienda dakika za nyongeza, kituo kinabadilisha kinachopeperushwa lakini anayeandika guide hajafika kazini.

Mfano mzuri ni CHAN, Agosti 22, 2025. Harambee Stars na Madagascar pale Kasarani, moja kwa moja, wakaenda mpaka penalti, tukatolewa. Mechi ya kawaida hutengewa kama masaa mawili kwa guide. Mechi ya dakika 120 na penalti haitoshei hapo. Kama dikoda yako inarekodi, kama zile za Explora, na uliiambia irekodi vile guide inasema, inaweza kukata kabla ya penalti. Ukirekodi mpira wa mtoano, ongeza saa nzima mwishoni. Kuna setingi ya hiyo.

Halafu kuna Ramadhani. Ratiba ya wiki inaandikwa kabla, lakini mwezi unaandama usiku wenyewe. Kadhi Mkuu akitangaza usiku, asubuhi vipindi vimebadilika na guide bado iko Shaabani. Idd vilevile. Kwa hivyo siku mbili tatu za mwanzo na za mwisho, usiiamini sana.

Na hili ni zito kuliko mechi: usifuturu kwa saa ya guide. Mombasa iko mashariki ya Nairobi, na jua letu linazama karibu dakika kumi mapema. Chaneli inayofuata Maghrib ya Nairobi haikuhesabii wewe wa Kisauni. Kwa jioni si hatari, utachelewa tu kufungua. Lakini alfajiri mambo ni yaleyale: Fajr yetu pia inatangulia ya Nairobi, na ukila daku kwa saa ya Nairobi utakuwa bado unatafuna na huku kwetu alfajiri ishaingia. Sikiliza msikiti wa mtaani kwenu.

GUIDE SI RISITI

Hapa ndipo watu hupoteza pesa, so soma polepole.

Guide inaonyesha kinachorushwa hewani. Haionyeshi ulicholipia. Unaweza kuona mechi imeandikwa vizuri, saa na timu zote mbili, ukakimbia kulipa kifurushi cha bei ya chini, ukafika chaneli yenyewe na kuandikiwa E16, yaani haijafunguliwa kwako. Pesa ishaenda na mpira huoni.

Kabla ulipe, fanya hivi:

1. Soma namba ya chaneli kwa guide, si jina la mechi pekee. Kampuni moja inaweza kuwa na chaneli sita za michezo zenye majina yanayofanana.
2. Tafuta hiyo namba kwa orodha ya kifurushi unachotaka kulipia, kwa app ama huduma kwa wateja.
3. Uliza kama dikoda yako ni ya antena ama dishi. Kampuni yenye zote mbili inaweza kuwa na orodha tofauti.
4. Lipa mapema kidogo, na uache dikoda ikiwa imewashwa ili ipokee ruhusa. Ukilipa dakika tano kabla ya mechi na dikoda imezimwa, utaanza kupigia watu simu wakati bao linaingia.

KAMA UNA WATOTO

Sheria za utangazaji Kenya zinataka kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku vipindi viwe vya kufaa familia. Hiyo ni kwa kituo. Kwa nyumba yako una namba ya siri.

Dikoda nyingi zina kufuli mbili. Moja inafunga kwa umri: kipindi cha 16 ama 18 kikianza, inaitisha namba. Ingine inafunga chaneli nzima. Ile ya umri kwa kawaida husoma alama ya umri kutoka kwa maandishi ya guide. Umeona shida? Guide ikiwa tupu, ama kituo hakikujaza umri, kufuli inaweza kukaa wazi na wewe uko kazini Kipevu ukidhani mambo ni sawa.

Kwa hivyo kwa chaneli ambayo hutaki mtoto aone kabisa, funga chaneli yenyewe. Na ubadilishe ile namba ya kiwandani, ju 0000 na 1234 kila mtoto wa darasa la nne anazijua.

MASWALI MATATU YA HARAKA

Usisahau yote hayo, lakini ukiwa na haraka uliza haya tu:

Ni chaneli zote ama moja? Zote, angalia saa, memori ama signal yako. Moja, ni kituo ama orodha ya zamani.

Jirani naye? Kama mwenye dikoda ya aina ileile pale Chaani ama Mlaleo ana shida hiyohiyo, si ya nyumba yako. Usiite fundi. Piga simu kwa kampuni.

Picha iko safi? Safi na guide mbovu, jaribu kungoja, saa na kusachi upya. Picha inaganda na guide mbovu, hiyo ni antena, dishi ama waya. Hapo sasa fundi ana kazi.

Ukipigia kampuni, kuwa na namba ya dikoda, namba ya chaneli, saa kamili na picha ya skrini uliyopiga kwa simu. "Guide yangu ni mbovu" haimsaidii mtu. "Chaneli fulani iko nyuma saa moja tangu Jumatatu, zingine ziko sawa" inaenda moja kwa moja kwa mhusika. Wakikuzungusha bila jibu na unalipa kila mwezi, unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ile CA. Watakuuliza kwanza kama uliambia kampuni, so weka namba ya malalamiko uliyopewa.

Na kama leo kuna mechi na hujui uamini nani, angalia saa ya kona kwanza. Ikifanana na simu yako, shida iko kwingine na soo tano zako bado ziko mfukoni.